Nyuzi Mpya za Ezell Pettway

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Upande wa Kusini, Chicago
Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 1963, saa mbili na dakika kumi asubuhi
Kosa: Wizi wa gitaa la besi, mali ya Kanisa la Kibaptisti la Mlima Gileadi
Mtuhumiwa: Ezell Pettway, miaka 34
Jina la shahidi: Dovie Pettway
Umri: Miaka 58
Kazi: Mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Pia mkuu wa jiko, Kanisa la Mlima Gileadi
Makazi: Ghorofa ya tatu, Barabara ya Calumet, Chicago
Uhusiano na mtuhumiwa: Mama mzazi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Shule nilifika darasa la sita, kusoma najua na kuandika najua, ila mwandiko wa Sajini Haskins ni mzuri kuliko wangu, kwa hiyo tumekubaliana mimi niseme yeye aandike. Ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe tu, ya kuambiwa niyaache. Nimemwambia ya kuambiwa nitamsimulia tukimaliza, ni matamu pia.

Sajini ameniuliza ninamfahamu vipi mtuhumiwa. Nimemjibu nimemzaa. Ameniuliza mtuhumiwa anafanya kazi gani. Hapo nimemwomba aanze ukurasa mpya.

Ezell alizaliwa tarehe 3 Februari 1929 huko kwetu Mississippi, maili nne kutoka Belzoni. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Mwaka 1937 tulipanda treni kuja Chicago, mimi, yeye, na kikapu cha kuku wa kukaanga. Mwaka 1939 alitoboa karai langu la kufulia. Alipitisha kamba kwenye tundu, ncha ya pili akaifunga kwenye mpini wa ufagio, akaweka mguu juu ya karai na kuivuta kamba mpaka ikalia. Nilimchapa kwa mpini huohuo. Nilipomaliza akafuta machozi akaniuliza, "Lakini mama, umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Majirani wa chini nao walikuwa wamesikia, maana walipanda ngazi kuuliza nani anapiga. Tangu siku hiyo nguo zangu nilizifulia kwenye beseni la kuogea.

Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anapiga besi kubwa ya kusimama kanisani kwetu. Alipofika ishirini alikuwa anapiga kwenye kumbi za bluzi, ule muziki wa dunia wa majonzi na mapenzi, na kanisani watu wakawa wananisalimia kwa sauti ya msibani. Akaenda jeshini, akapelekwa Korea, akarudi mzima, Mungu asifiwe. Mwaka 1955 akanunua gitaa lake la besi la umeme, la mtumba, la kahawia linalofifia kuwa njano katikati. Tangu hapo studio zote za mjini zinampigia simu.

Sajini ameniambia, "Mama Pettway, tufike jana."

Nimemwambia jana haieleweki bila hayo. Kazi ya mwanangu ni hivi. Simu inalia, anaambiwa saa saba mchana awe studio. Wimbo hajawahi kuusikia. Mara ya kwanza anausikiliza akiwa amefumba macho. Mara ya pili anaupiga. Mara ya tatu mashine zinawashwa, na huo ndio unaouzwa. Wengine wanapiga noti tano mahali Ezell anapiga mbili. Nimewahi kumuuliza zile tatu anazipeleka wapi, akasema, "Namwachia mwimbaji apumue, mama." Picha kwenye jalada la santuri ni ya mwimbaji. Jina ni la mwimbaji. Jina la Ezell haliandikwi, wala si lake tu, wapigaji wote wa studio ndivyo walivyo. Mimi nyumbani nina santuri sitini na tatu ambazo mwanangu yumo, na kila moja nimeitia nukta ya penseli nyekundu kwenye kona ili mgeni akija nisihangaike kutafuta.

Sajini ameniuliza, kama jina halijaandikwa, ninajuaje ni yeye. Nimemuuliza kama ana watoto. Amesema watatu. Nimemuuliza mmoja wao akikohoa chumba cha pili anamjuaje. Amesema, "Endelea, mama."

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Mnamo Jumatano tarehe 16 Oktoba, saa kumi na moja jioni, simu ililia nyumbani, nikapokea mimi. Alikuwa Bwana Rosten wa studio. Alisema kesho saa saba mchana wanamrekodi mwimbaji Big Hosea Minter, wanamtaka Ezell, na safari hii atakuja mpiga picha. Watu wote wa bendi watawekwa nyuma ya jalada. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Ezell aliporudi nikampa habari. Akasema, "Picha ya nini? Watu wanunue santuri wasikilize." Nikamwambia, "Wewe nenda kanyoe, mengine niachie." Yeye alifikiri mengine ni shati.

Mnamo Alhamisi tarehe 17, ambayo ndiyo siku yangu ya mapumziko, Ezell alitoka saa tatu asubuhi kwenda kwa kinyozi. Nililitoa gitaa lake kwenye mfuko, nikaliweka juu ya meza ya jikoni. Sitaki kumvunjia heshima mwanangu mbele ya serikali, lakini lile gitaa lilikuwa chafu. Nyuzi zake zilikuwa nyeusi. Alizikuta nalo alipolinunua na hakuwahi kuzibadilisha, miaka minane, na mwanangu anapenda mbavu za kuchoma na hana subira ya kunawa. Chini ya kile kifuniko cha chuma, karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, kulikuwa na kipande cha sponji alichokibana hapo mwenyewe. Kilinuka kama soksi. Nikajiuliza, hivi ndivyo mwanangu atakavyosimama nyuma ya jalada, watu wa Detroit na Memphis wamtazame waseme hana mama?

Nilitoka saa tatu na nusu kwenda duka la vyombo vya muziki lililo kona ya Mtaa wa 47. Muuzaji aliniuliza nataka nyuzi za aina gani. Nikamwambia zinazong'aa zaidi. Nikarudi. Mimi ni mtu wa sindano na pasi, mikono yangu inajifunza upesi, na kwenye pakiti kulikuwa na michoro. Nilikata za zamani kwa koleo, nikafunga mpya, nikatupa sponji, nikapaka mbao mafuta ya samani. Nyuzi kuukuu nilizitia kwenye pipa la taka, na gari la taka lilipita saa nne na robo. Nililiona likipita dirishani. Nilifurahi kuliona.

Saa tano asubuhi Ezell alirudi amenyolewa vizuri. Aliliona gitaa, akasimama. Kisha akavuta kiti, akalipakata, akavuta uzi mmoja.

Ulilia kama kengele ya baiskeli.

Akavuta wa pili. Akaangalia chini ya kifuniko. Akasema, "Mama, zile za zamani ziko wapi?"

Nikamwambia gari limeshapita.

Akasema, "Sawa."

Nikamuuliza, "Kwani mbaya?"

Akasema, "Nzuri sana mama. Zinang'aa."

Ninamjua mwanangu akisema uongo, huwa anakuna nyuma ya sikio. Alikuwa anakuna. Nikavuta kiti cha pili, nikamwambia, "Ezell, sema na mimi kama mtu mzima." Ndipo akaniambia, kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. Akasema, "Ile sauti wanayonipigia simu, mama, nusu iko vidoleni, nusu iko kwenye uchafu. Nyuzi mpya zinapiga kelele. Zile zilikuwa zimeshachoka, zinasema neno moja zinanyamaza. Uchafu wa miaka minane haununuliwi dukani."

Nikamwambia, "Wapigie simu uwaambie kesho."

Akasema, "Studio imeshalipiwa, Hosea ametoka St. Louis, na kuna mwenzangu wa Upande wa Magharibi amekaa karibu na simu yake. Leo nikienda na hii kengele, kesho anaitwa yeye."

Tukakaa. Mimi sikulia, na naomba isiandikwe kwamba nililia.

Saa tano na nusu nikamkumbusha besi ya kanisa.

Hapa lazima nimweleze Sajini besi hiyo ni ipi. Mwaka 1956 Shemasi Armistead Purcell alifiwa na mkewe, Lucinda. Lucinda alikuwa rafiki yangu miaka kumi na tisa, tulisimama pamoja kwenye jiko moja, na ile pai ya viazi vitamu ambayo watu wanaisifia kwangu ni yake, nimeongeza ndimu tu. Shemasi alitaka kulinunulia kanisa kitu cha kumkumbuka. Alimwomba Ezell amchagulie gitaa la besi, na Ezell akachagua la aina ileile kama lake. Shemasi akaligongomea kibati cha shaba chenye maandishi, *Kwa kumbukumbu ya Lucinda Purcell*. Tangu siku ile hakuna aliyebadilisha nyuzi zake, maana Shemasi haruhusu hata vumbi lifutwe na mtu mwingine. Miaka saba inapigwa Jumapili tu. Nyuzi zimetulia kama maji ya kisimani.

Ezell akasema, "Hapana mama. Ile ni ya Mama Lucinda."

Nikamwambia, "Lucinda namjua kuliko unavyomjua wewe."

"Na Shemasi je?"

"Shemasi Alhamisi huja saa kumi na moja na nusu kuwasha tanuri la kupasha kanisa joto kabla ya mazoezi ya kwaya. Saa kumi wewe utakuwa umesharudisha."

"Na ile sheria?"

Sheria hiyo ni ya kweli. Mwaka 1957 kikao cha kanisa kilipitisha kwamba chombo cha kanisa hakitoki kwenda kupigiwa muziki wa dunia, na mtumishi atakayekitoa atavuliwa utumishi wake. Mkono wangu ulikuwa juu siku hiyo. Nadhani ulikuwa wa kwanza.

Nikamwambia, "Vaa koti."

Saa sita na dakika ishirini mchana tulifika kanisani, mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Naomba Sajini aandike hili sawasawa. Ufunguo ulikuwa wangu. Mlango nilifungua mimi. Kabati la vyombo vya muziki nilifungua mimi. Besi niliitoa mimi kwa mikono yangu miwili, nikampa Ezell. Yeye alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, hajaingia hata hatua moja. Hakuvunja kitu. Hakuiba kitu. Kisha nikampa ufunguo ili arudishe besi mwenyewe, kwa sababu baada ya studio mimi nilitakiwa kupitia nyumbani kuchukua pai za kwaya.

Sajini ameniuliza, "Ulijua haruhusiwi?"

Nimemjibu, "Nilijua vizuri kuliko yeye. Mimi nilipiga kura."

Tulikwenda studio pamoja. Mimi huwa naenda mara mojamoja, nawapelekea chakula, na jana nilikuwa na kikapu cha kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, na mboga zilizopikwa na shingo ya bata mzinga. Bwana Rosten ameniwekea kiti changu karibu na mlango, na sharti lake ni moja tu, nisikohoe taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka.

Big Hosea Minter ni mtu mkubwa kweli, akikaa kiti kinalalamika. Aliponiona akasema, "Mama Dovie, umekuja kunisikiliza mimi au kumlinda huyu mtoto?"

Nikamwambia, "Wewe nakusikia hata nikiwa nyumbani na madirisha yamefungwa."

Yule mpiga ngoma, anaitwa Tolliver, akacheka mpaka akaangusha kijiti. Hosea akamwambia, "Cheka tu. Samaki tunajua nani atanyimwa."

Walianza saa saba na robo. Wimbo unaitwa "Sahani Mbili Mezani". Ni wa mtu ambaye mkewe amekufa, na kila jioni akiandaa meza anajikuta ameweka sahani mbili. Mimi sikuujua wimbo huo kabla ya kuja. Ningeujua sijui kama ningeleta ile besi au ningeileta mbio zaidi.

Mara ya kwanza Ezell alisikiliza, amefumba macho. Mara ya pili akaingia. Mimi nimemsikiliza mwanangu tangu kwenye karai, na nasema mbele ya sheria kwamba jana alipiga kuliko siku zote. Alipiga noti moja, akangoja, mtu unadhani amesahau, kisha akapiga ya pili kama mtu anayeweka sahani mezani polepole asimwamshe aliyelala. Hosea aliacha kuimba katikati. Akamgeukia, akamuuliza, "Leo hiyo besi umeilisha nini?"

Ezell akasema, "Hii imelelewa kanisani."

"Inasikika," Hosea akasema. "Inanifanya nijisikie vibaya kwa mambo ambayo bado sijayafanya."

Kutoka nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Bwana Rosten akawaambia waache mzaha, warudie hivyohivyo. Mara ya nne ndiyo iliyochukuliwa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Niliangalia saa ya ukutani.

Ezell alianza kuiweka besi kwenye mfuko, akaniambia, "Mama, naiwahisha." Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Mpiga picha alikuwa hajafika. Nilimshika mwanangu mkono wa shati, nikamwambia, "Subiri picha." Akasema, "Mama, saa." Nikamwambia, "Miaka minane unapiga na hakuna anayeujua uso wako. Dakika kumi hazitakuua." Akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akakaa.

Hazikuwa dakika kumi. Mpiga picha alifika saa kumi na dakika tano, anatafuna, hata samahani hakusema. Akawapanga. Ezell akasimama kushoto na besi ya Lucinda. Kibati cha shaba kilikuwa kinaonekana, kinametameta kwenye taa zake. Nikamwashiria mwanangu aweke mkono juu yake. Akaweka. Mpiga picha akahesabu moja, mbili, na Ezell akauondoa mkono.

Baadaye mlangoni nilimkaripia. Nilimuuliza alikuwa anafikiri nini, jina la mke wa Shemasi nyuma ya santuri ya bluzi, tena linasomeka.

Akasema, "Mama, na yeye leo amefanya kazi."

Tuliachana nje ya studio saa kumi na nusu. Mimi nilipanda basi kwenda nyumbani kuchukua pai, yeye alipanda basi la pili na besi begani kuelekea kanisani. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Kwa hiyo alivyokamatwa sikuona, na sitaki kusema nisichokiona. Mimi naeleza nilivyofika.

Nilifika kanisani saa kumi na mbili kamili jioni na pai mbili za viazi vitamu. Watu walikuwa wamesimama jikoni kwangu, kwaya nzima, hakuna anayeimba. Shemasi Purcell alivua kofia aliponiona. Siku zote ni mtu wa adabu. Akasema, "Dada Dovie, samahani sana kwako kama mama. Mwanao ametoka hapa na polisi. Nilikuja mapema kwa ajili ya baridi, nikakuta kabati tupu, nikawaita. Kabla hawajamaliza kuandika, yeye akaingia na besi ya Lucinda mgongoni."

Nikamuuliza, "Amesema nini?"

Akasema, "Kuhusu ufunguo anasema aliuokota. Ukimuuliza kwa nini aliichukua, hasemi kitu. Nilimuuliza mimi mwenyewe, Dada. Nikamwambia, Ezell, wewe ndiye uliyenichagulia hii besi, niambie tu kwa nini. Akaangalia viatu vyake."

Dada mmoja wa kwaya akasema, "Ndiyo bluzi hiyo." Mwingine akasema, "Maskini mama wa watu." Nao walikuwa wananihurumia kweli, hilo ndilo lililoniumiza.

Nilielewa palepale kwa nini mwanangu alikuwa anaangalia viatu. Angesema kwa nini, angenitaja na nyuzi. Angesema ufunguo wa nani, ningevuliwa jiko. Amekubali kuitwa mwizi ili mimi niendelee kuwa na jiko.

Na mimi nilinyamaza.

Sajini ameniuliza kwa nini nilinyamaza. Nitamwambia, ingawa si la kujivunia. Siku za kazi mimi ni yule mama wa pasi wa kule chini hotelini. Kuna msimamizi ana miaka minne pale na hajui jina langu. Jumapili watu mia tatu wanakula nilichopika, na mke wa mchungaji mwenyewe hugonga mlango wa jiko kabla ya kuingia, anasema, "Dada Dovie, naweza kupita?" Miaka kumi na minne. Ule ufunguo nilikuwa nalala nao. Basi nilichukua kisu nikakata pai vipande kumi na sita, sawasawa kama kawaida, huku mwanangu yuko hapa kwenu. Sijui kama kuna aliyekula. Nilivua aproni nikaenda nyumbani.

Nyumbani nilikuta gitaa lake juu ya meza ya jikoni, linameta. Nikavuta uzi mmoja. Sikulala baada ya hapo, nilipiga pasi. Nimepiga pasi shati lake hili nililokuja nalo, na suruali, ili atoke amevaa vizuri. Saa moja asubuhi nilikuwa nje ya mlango wa kituo hiki, na askari wa zamu ni shahidi kwamba nilikuwa wa kwanza.

Sajini ameniuliza kama ninaelewa kwamba Shemasi atayajua niliyosema, na kwamba kanisa linaweza kunichukulia hatua. Ninaelewa. Shemasi yuko njiani anakuja, nimempigia simu mwenyewe kabla sijavaa viatu, nikamwambia, "Shemasi, njoo kituoni, kuna jambo la Lucinda." Nataka alisikie kutoka kwangu, si kwenye mazoezi ya kwaya.

Sajini ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Kwenye karatasi zenu za jana mmeandika kazi ya mwanangu ni *kibarua*. Si kibarua. Ni mpiga besi wa studio, na kama Sajini ana redio nyumbani kwake basi amemsikia, hata kama hakujua anamsikiliza nani. Naomba irekebishwe kwa wino.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na niliyoyafanya ni mengi kuliko niliyoyaona. Nimeyasema kwa hiari yangu, akili yangu ikiwa timamu, na nimesomewa nikayakubali.

Sahihi: *Dovie M. Pettway*

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Sajini Roosevelt Haskins, kama shahidi alivyoyasema, na nimemsomea. Aliomba neno "mtuhumiwa" lifutwe kila lilipo. Nimemweleza haiwezekani. Kazi ya mtuhumiwa imerekebishwa kwa wino kama alivyoomba.

Saa tatu na dakika tano asubuhi mlalamikaji, Shemasi Armistead Purcell, alifika kituoni. Kwa ridhaa ya shahidi, na yeye akiwepo, nilimsomea maelezo yote. Aliomba nirudie sehemu ya studio. Nikarudia. Kisha alisema kwamba, kwa kuwa besi ilitolewa na mwenye ufunguo, yeye hana madai ya wizi, na ameyafuta kwa maandishi. Karatasi imeambatanishwa.

Shahidi alimwambia Shemasi kwamba jikoni kuna nusu gunia la viazi vitamu na visiachwe vioze. Shemasi alisema sheria ni ya kikao, si yake, na kikao kitakaa Jumapili. Ufunguo uliochukuliwa kwa Ezell Pettway nilikuwa nimemrudishia shahidi. Shemasi alinyoosha mkono, shahidi akampa.

Ezell Pettway aliachiwa saa tatu na dakika arobaini, akiwa amebadili shati. Nilimuuliza kama anataka kuongeza lolote kwenye jalada la kesi. Alisema nyuzi alizofungiwa na mama yake ni nzuri. Alikuwa anakuna nyuma ya sikio.

Shemasi aliwasubiri mlangoni. Alimuuliza Ezell Pettway kama ni kweli kwamba kibati kinasomeka kwenye picha. Akajibiwa ndiyo. Akauliza wimbo unaitwaje na santuri itatoka lini. Hakuwa na karatasi, akaandika nyuma ya bahasha ya sadaka, na kalamu aliazima kwangu.

*Sajini R. Haskins*
Saa nne kamili asubuhi, 18 Oktoba 1963